Pijo Iliyokataa Kupanda Lori

Usiku wa jana niliota Pijo yangu imekaa chini uani, imekunja magurudumu yote manne, na inakataa kupanda lori.

Haikuwa na pancha. Ilikuwa imekaa tu, kama mbuzi aliyegoma kupelekwa mnadani. Makame, dereva wa lori, alikuwa ameshaweka mbao zake mbili za kupandishia na anavuta kamba aliyoifunga mbele ya gari. Kamba inakaza, Makame anateleza, Pijo haisogei.

"Mama," Makame akaniambia huku anapangusa jasho, "hebu zungumza na mwenzio. Mwenyekiti kasema tusichelewe."

Nikainama dirishani. "Una nini wewe?"

"Sipandi," Pijo ikasema. Ilikuwa na sauti niliyoitarajia, ya mtu aliyevuta sigara maisha yake yote na kuacha juzijuzi. "Nimebebwa mara moja tu, kwenye meli iliyonileta, na nilitapika oili njia nzima. Tangu hapo kila nilikokwenda nimekwenda mwenyewe."

"Ni maonyesho tu. Utashushwa Arusha."

"Kwani wewe unataka nipande?"

Kusema kweli, sikutaka. Na hapa lazima nieleze kidogo, maana hasira niliyokuwa nayo ndotoni ndiyo ileile niliyolala nayo.

Sisi ni chama cha wapenda magari ya zamani hapa Tanga. Wanachama ni wachache, magari yamezidi kidogo. Kila mwaka tulikuwa tunakwenda kwenye maonyesho ya Arusha kwa msafara, kila mtu anaendesha lake: Muheza, Korogwe, Mombo, Same, Moshi, na tunalala popote anapochoka mmoja wetu, awe mtu au gari. Tukifika tunaegesha chini ya miti, tunachemsha chai, watoto wa watu wanapanda na kupiga honi mpaka zinakauka sauti. Mwaka huu mambo yamebadilika. Huko sasa kuna zulia, kuna kamba za kuzuia watu, kuna majaji wenye glovu nyeupe, na kuna vijana wanaoleta magari mapya yenye spika kubwa kuliko injini. Bwana Semboja, mwenyekiti wetu, alikwenda kwenye kikao cha maonyesho akarudi na kanuni: gari la maonyesho halitagusa barabara. Yote yatapakiwa kwenye malori. Atakayeendesha asihesabu tena kwamba ni mwanachama. Lori la kuibeba Pijo lilikuwa lije kwangu leo asubuhi.

Msiniulize lori lina ubaya gani. Kikubwa ni boneti.

Mwaka wa kwanza wa msafara, Morris ya Pravin ilichemka karibu na Mombo. Pravin anauza vioo, ni mtu wa haya, na wapita njia walikuwa wanacheka huku wanamwambia aiuze kwa kilo. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu, na wodini mgonjwa hatangazwi. Nikasimamisha Pijo, nikazima, nikafunua boneti yangu nami nikaanza kujikuna kichwa kama asiyejua la kufanya. Waliofuata nyuma wakafanya hivyohivyo. Tangu siku ile ikawa desturi. Gari moja likikwama, wote tunasimama na wote tunafunua boneti, hata walio wazima. Mpita njia akiuliza nani amekwama, jibu ni moja tu: sote.

Sasa juu ya lori nani atakwama? Nilimuuliza Semboja swali hilo kwenye kikao cha chama. Akasema ndiyo faida yenyewe.

Turudi ndotoni.

"Mimi sipandi lori," Pijo ikasema tena, "lakini lori linaweza kunipanda mimi. Keria ninayo."

Makame akaitazama ile keria juu ya paa, akalitazama lori lake. Akafikiri kama mtu anayepima kitambaa. "Kanuni haijakataza," akasema.

Basi tukalipakia lori juu ya Pijo. Halikuwa zito kama nilivyodhani. Tulilifunga kwa kamba ya manila, Makame akakagua mafundo, akapanda juu na kukaa nyuma ya usukani wake kwa sababu alisema ameajiriwa kuendesha na si kukaa bure. Pijo ikasimama, ikajinyoosha, nikawasha, tukatoka getini.

Nje ya geti langu pana duka la mkaa na nyumba ya jirani. Ndotoni havikuwapo. Palikuwa Mombo.

Mombo nzima ilikuwa juu ya malori. Akina mama wanaouza vitunguu walikuwa juu ya malori, wameketi kwenye ndoo zao. Kuku walikuwa na kilori chao. Mtu mmoja alitaka kuvuka kwenda kununua sukari, akaita lori, lori likamsogeza upande wa pili, akashukia kwenye lori jingine lililobeba duka. Kulikuwa na lori la zamani sana, na kwa kuwa ni la zamani lilikuwa limebebwa na lori, nalo hilo lilikuwa limeanza kuzeeka, likabebwa na jingine. Sikuona mwisho wake juu.

Chini hapakuwa na barabara. Palikuwa na vumbi tu, na kando yake barabara imekunjwa kama mkeka, imesimamishwa na kuegemezwa ukutani.

Nikashuka. "Shikamoo," nikaisalimia, kwa sababu imenizidi umri.

"Marahaba. Kanyaga taratibu, mstari wangu mweupe umejikunja vibaya hapo."

"Nani amekukunja?"

"Watu wa chama chenu. Wamesema sina kazi tena. Wamesema nina mashimo." Barabara ikakohoa, changarawe kidogo zikamwagika. "Mashimo ninayo, sikatai. Lakini mama, mimi sikuyachimba."

Hapo hasira ikanipanda. Ninaijua barabara hii. Ninajua inapopinda, inapoteleza mvua ikinyesha, na pale kwenye mashamba ya katani inaponyooka hadi unasinzia. Imenifikisha kila mwaka. Haikustahili kuegemezwa ukutani kama ufagio.

"Jikunjue," nikaiambia.

"Nikijikunjua wataniona."

"Wakuone."

Barabara ikafikiri. Kisha ikajirusha chini mbele ya Pijo, ikatandikika taratibu tulivyokuwa tunakwenda, na kujikunja tena nyuma yetu, kwa tahadhari.

Tunakwenda. Ghafla nasikia mtu anagonga kwa kalamu, nageuka, na kikao cha chama kinaendelea kwenye viti vya nyuma. Pijo yangu ina safu tatu za viti na wanachama wote wameenea. Bwana Semboja ameshikiliwa juujuu na wajumbe wawili ili suruali yake isiguse kiti. Pravin yuko dirishani. Morris yake imelala mapajani mwake, ndogo kama paka, imefunikwa taulo.

"Ajenda ni usafirishaji," anasema Semboja. "Dada Nakijwa, unaendesha kikao hiki kwenye barabara, jambo ambalo ni kinyume cha kanuni."

"Nimebeba lori, Mwenyekiti. Tazama juu."

Makame anapiga honi huko juu kuthibitisha.

Semboja anapumua. Si mtu mbaya, na hata ndotoni alizungumza kwa adabu. "Sikiliza, dada yangu. Kioo cha mbele cha Rova yangu hakipatikani tena, si Nairobi, si popote. Jiwe moja tu likiruka kutoka kwenye basi, nimekwisha. Sisi wenyewe macho yameanza kupungua. Tunataka haya magari yabaki au hatutaki?"

Ilikuwa hoja ya kweli na wanachama wakaguna kukubali. Nikamwangalia Pravin.

"Mimi nimeshakubali kupakia," Pravin akasema huku anaipapasa Morris mgongoni. "Sikupenda, dada. Lakini nimekubali. Haijanisemesha tangu jana."

"Yabaki yawe nini?" nikamuuliza Semboja. "Gari lisilokwenda ni kabati, Mwenyekiti. Kabati ninalo nyumbani, la mninga, na halinidai oili."

"Utatolewa kwenye chama."

"Nitoe. Ila leo uko ndani ya gari langu, kwa hiyo ukinitoa mimi, tafuta na wa kuendesha."

Wale wajumbe wawili wakachoka wakamwachia. Semboja akaketi kwenye kiti kama watu wengine. Nilimwona kwenye kioo akikibonyeza kiti kidogo kwa mkono, akakumbuka spring zake, kisha akajifanya hakukumbuka.

Tukafika Arusha bila kupita Same wala Moshi. Barabara iliomba radhi, ikasema ilikuwa imeona haya.

Uwanja wa maonyesho ulikuwa zulia tupu, kutoka hapa hadi mlimani. Hata mlima ulikuwa umezungushiwa kamba na kibao cha usiguse. Magari ya wenzetu yalikuwa yameshashushwa na yamepangwa, yamepakwa rangi nyeusi kwenye matairi, na yote yalikuwa yanatazama mbele kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti. Upande wa pili walikuwapo wale vijana na magari yao mapya. Spika zao zilikuwa zinazungumza zenyewe kwa zenyewe kuhusu bei zao.

Jaji akaja. Alikuwa glovu mbili nyeupe. Ndani ya glovu hapakuwa na mtu.

"Kanuni ya pili," zikasema glovu. "Kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani."

Zikagusa mlango wa Pijo. Mlango huo hufungwa kwa komeo la mlango wa jikoni, kwa sababu kitasa chake kilivunjika tukiwa Same na komeo ndilo lililopatikana dukani.

"Hili halikutoka kiwandani."

"Na mimi sikutoka kiwandani na miwani."

Glovu zikanigeukia. Nilijua nimekosea kusema. Zikanivua miwani na kuiweka kwenye mfuko wa plastiki wenye namba. Zikanihoji kuhusu mvi. Zikabonyeza goti langu la kushoto na kuuliza kwa nini linalia.

"Hilo niliangukia Korogwe, tukisukuma gari."

"Litolewe."

"Halitoki," nikasema. "Na komeo halitoki. Andika unavyotaka kuandika."

Glovu zikaandika kwa muda mrefu. Kisha zikaenda kwa Semboja. Rova yake ilikuwa safi kabisa, hata mimi nilikiri moyoni. Kila kitu kilikuwa cha kiwandani. Semboja mwenyewe, hata hivyo, hakuzaliwa na masharubu, kwa hiyo glovu zikayabandua kwa upole, kama unavyobandua stempu, na kuyatia kwenye mfuko. Semboja akashukuru.

"Jaribio la mwisho," glovu zikasema. "Kila gari liwake na lisogee mbele kidogo. Lisilowaka si gari. Litapakiwa na kupelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu."

Nikaona rangi inamtoka Semboja usoni. Nilijua sababu, na wanachama wote walijua. Ili harufu isichafue zulia, Semboja aliamuru matangi yote yakamuliwe petroli kabla ya kupakia, na alikuwa wa kwanza kukamua la kwake. Gari lake lilikuwa halina hata tone.

Glovu zikaanza na Rova. Semboja akaingia, akazungusha ufunguo. Rova ikasema nyi, nyi, nyi. Kisha nyi moja ya mwisho, dhaifu. Kisha ikanyamaza.

Spika kubwa kuliko zote ikacheka. Vijana wakacheka kwa kuwa spika imecheka. Makame juu ya keria yangu hakucheka, na kwa hilo namheshimu. Semboja akazungusha tena, hakuna kitu. Akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili, mdomo wa juu mtupu, anatazama mbele kama vile bado anaendesha.

Pijo yangu ilikuwa inaunguruma vizuri chini yangu. Tangi limejaa. Ningeweza kusogea mbele pale pale, mbele ya Semboja, mbele ya kanuni zake zote, na nisiseme neno hata moja. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka masikio yakapata moto.

Halafu nikasikia mtu nyuma ya kamba anasema, "Iuze kwa kilo, mzee."

Nikazima gari.

"Mimi ni mzima," Pijo ikasema.

"Najua."

"Nimekuja kwa miguu yangu kutoka Tanga nikiwa na lori kichwani. Sasa unataka niitwe mbovu?"

"Nataka uitwe mwenzao."

Pijo ikanung'unika kidogo. Kisha ikaachia loki, klak. Nikashuka, goti likalia, nikanyanyua boneti na kuisimamisha kwa chuma chake. Nikaanza kujikuna kichwa.

Kisha Pravin akaiweka Morris yake juu ya zulia. Akaitoa taulo. Morris ikajitikisa, ikakua mpaka ikafika ukubwa wake, na boneti yake ikafunuka kabla hata Pravin hajaigusa. "Imezungumza," Pravin akaniambia. Macho yake yalikuwa na machozi. La tatu likafunua. La nne. Safu nzima, klak, klak, klak, mpaka mwisho wa zulia. Lori juu ya keria yangu likafunua ya kwake. Mwisho kabisa ikafunuka hata boneti ya gari jipya la kijana mmoja, na yule kijana akaanza kuzunguka akisema hajui inafungwaje kwa sababu hajawahi kuifungua.

Ikabaki Rova peke yake. Semboja alinitazama kupitia kile kioo kisichopatikana. Akainama, akavuta kishikio. Boneti ya Rova ikanyanyuka.

Glovu zikaruka huku na huko juu ya injini. "Mgonjwa ni yupi?" zikauliza. "Nani amekwama?"

Glovu zikamwendea Pravin. Pravin, ambaye hajawahi kubishana hata na mteja, akajikuna kichwa na kutazama mbali. Zikaenda getini kuiuliza barabara. Barabara ikasema isihusishwe.

"Basi nitawatoa nyote."

"Tutoe," nikasema. "Tutoe hata sasa hivi. Zulia ni lako, kamba ni zako, lakini njia ya kurudi nyumbani tunaijua sisi. Na tukikwama tutajikwamua."

Glovu zikakunja ngumi, zote mbili. Nikazikunjia zangu. Hapo simu ikalia, na kwa kuwa magari ya zamani hayana simu, nikaelewa kwamba naamka.

Nimeamka. Ilikuwa kweli simu. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani na nje mtu anafagia. Nikapapasa miwani, ikawapo mahali pake. Aliyepiga alikuwa Bwana Semboja.

"Dada Nakijwa, samahani kukuamsha." Alisita. Semboja hasiti. "Umelala salama?"

"Salama, Mwenyekiti. Vipi?"

"Nina swali la kipuuzi. Rova yangu ilipakiwa jana jioni. Iko juu ya lori hapa kwangu, nimeifunga kamba mwenyewe na geti nimelifunga mwenyewe. Nimeamka, boneti iko wazi. Imesimamishwa na chuma chake. Nimepanda nikaifunga. Nimeshuka, nimegeuka, iko wazi tena."

Nilivaa kandambili, nikatoka uani na simu sikioni. Banda la gari nililifunga jana kwa kufuli, na funguo nilikuwa nimezichukua pale pale chini ya mto nilipozilaza. Nikafungua kufuli, nikasukuma mlango.

Pijo imesimama kizani, magurudumu yake manne chini, kimya kabisa. Boneti juu.

"Pravin naye kanipigia," Semboja akaendelea. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hajaniambia sababu, ananicheka tu. Mwanamume huyu hajawahi kunicheka. Basi nikasema nikuulize wewe, maana haya mambo uliyaanzisha wewe." Nikamsikia anapitisha kidole juu ya masharubu, ile sauti ndogo ya kukwaruza, kama mtu anayehakikisha yapo. "Dada, nani amekwama?"

Huko getini lori la Makame lilikuwa limefika na linapiga honi.

"Sote," nikamwambia. "Ishushe, uitie mafuta. Nakusubiri Muheza."

Nikafunga boneti. Safari hii ikakubali kufungwa. Nikaenda kujaza kidumu cha maji.